Unyayo wa Kushoto

Jumatatu, 6 Julai 1953

Nimefagia uani kabla ya chai. Mchanga umelala sawa. Kondo amepita juu yake mara mbili, pekupeku, kwanza mwendo wa kawaida, kisha wa haraka. Mguu wa kulia: unyayo kamili. Wa kushoto: kisigino hakikushuka, ukingo wa nje umezama, kidole gumba kimejitenga na wenzake. Nimepima kwa kamba yangu ya mafundo. Sawasawa na Ijumaa iliyopita. Bado.

Kondo ni winga wa kushoto wa timu ya vibarua wa gatini. Alivunjika kifundo cha mguu mwezi wa Machi, beki alipomwingia kutoka kushoto. Hospitali walimfunga plasta ngumu wiki sita. Walipoifungua walimchua, wakamfundisha kutembea, wakamwambia amepona. Kutembea wamemwezesha, sikatai. Lakini kati ya mtu anayetembea na mtu anayecheza mpira kuna kazi nyingine, na kazi hiyo haina wodi. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, miaka ishirini na saba. Sasa nimestaafu na kazi hiyo naifanya hapa Temeke, uani kwangu.

Mguu haujanyooka. Simruhusu kukimbia na mpira.

Jumatano, 8 Julai

Kondo amepanda na kushuka ngazi ya baraza kwa mguu mmoja mmoja, mara hamsini kila mguu. Ndoo ya maji mkononi. Hakumwaga. Baadaye nimemchua kwa mafuta ya nazi, nimemkanda kwa maji ya moto. Uvimbe hakuna.

Bwana Sefu, katibu wa timu, amekuja na baiskeli yake. Hakushuka vizuri, aliegemea mlango na mguu mmoja juu ya kanyagio.

"Mzee Dresa, tarehe nane Agosti tunacheza na timu ya mjini. Bwana mkubwa wa gati atakuwepo. Amesema watakaomfurahisha wataandikwa kazi ya kudumu. Kondo akikosa siku hiyo ndiyo basi, atabaki kibarua mpaka azeeke."

"Akivunjika siku hiyo hata kibarua hatakuwa."

"Mbona anatembea kama bwana harusi!"

Silipendi jina la Mzee Dresa. Sipendi pia watu wanaozungumza nusu wamepanda baiskeli.

Jumatatu, 13 Julai

Mchanga unasema lile lile. Kondo amesema hasikii maumivu yoyote. Nimemwambia kuwa maneno yake siyahitaji.

Wakati wa vita nilihudumia askari waliojeruhiwa. Wapo waliotaka kurudi makwao. Mbele ya daktari walichechemea, na wengine walilia. Daktari mmoja alinifundisha kuwapitisha kwenye mchanga uliofagiwa, mtu akiwa hajui kuwa anatazamwa. Mdomo ulichechemea, mchanga ulikana. Hadi leo sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho. Askari walidanganya kuwa ni wagonjwa. Wachezaji wa mpira hudanganya kuwa ni wazima. Uongo ni ule ule, umegeuzwa tu.

Nimemwagiza Kondo akanyage kwa kisigino kwanza, kila hatua, hata akienda kununua sigara. Ameitikia. Uso wake haukuitikia.

Alhamisi, 16 Julai

Kondo analalamika shavu la mguu wa kushoto linamuuma. Nimemwambia: unaona? Hukupona. Amekanyaga kisigino kwa nguvu kama mtu anayeshindilia udongo wa kaburi. Unyayo umetoka afadhali kidogo, lakini ameondoka anachechemea. Sikupenda.

Mke wangu Agnesi alikuwa anapepeta mchele. Amesema bila kuinua kichwa:

"Baba Esta, kijana alikuja hapa anatembea. Sasa anachechemea. Ndiyo dawa hiyo?"

Nimemwambia apepete mchele.

Zimebaki wiki tatu na siku mbili. Nazihesabu. Sikuwa na desturi ya kuhesabu siku za mechi za watu.

Jumapili, 19 Julai

Baada ya ibada nimeambiwa na jirani kuwa jana jioni Kondo alicheza mpira Keko. Mechi ya mchangani, magoli ya mawe. Jirani aliniambia kwa furaha, akiniigiza chenga zake pale pale mlangoni pa kanisa.

Nimekasirika. Chakula cha mchana sikukimaliza.

Jumatatu, 20 Julai

Kondo amefika saa moja kama kawaida. Shikamoo, marahaba. Sikumpa ufagio wala ndoo.

Nimemwuliza: ulicheza? Akasema alicheza. Nusu saa. Nikamwuliza nani alimruhusu.

"Mguu wangu mwenyewe, Mzee. Mie naujua. Nimepanda minazi nao tangu nina miaka minane."

"Mguu wako hauna macho."

"Na wewe hunitazami mie. Unatazama mchanga tu."

Hakuna kijana aliyewahi kusema nami hivyo uani kwangu. Nimemwambia aende zake na asirudi. Alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta kofia yake, na kofia hakuwa nayo. Kisha akaenda.

Nilifanya haki. Naandika hapa ili nisome tena kesho: nilifanya haki.

Jumanne, 21 Julai

Nimefagia uani. Hakuna aliyepita ila mimi na kuku.

Alhamisi, 23 Julai

Bwana Sefu tena. Leo alishuka baiskeli kabisa. Amesema timu itampanga Kondo tarehe nane, kwa ruhusa yangu au bila ruhusa yangu. Watamfunga bandeji mpaka gotini. Mganga wao ataweka na chake ndani ya bandeji.

"Weka na saruji," nimemwambia.

"Mzee, usitutanie. Huyu mtoto wa watu anataka kazi."

Najua anataka kazi. Kwani mimi nataka nini?

Sikueleza, lakini naandika. Mwaka juzi nilimruhusu golikipa mmoja kwa sababu alinibembeleza na mke wake akanibembeleza. Mchanga ulikuwa umenionya. Sasa anatembea na fimbo, naye hajafika miaka thelathini. Tukikutana sokoni ananiamkia kwa adabu sana. Adabu hiyo inaniuma kuliko tusi.

Siwezi kukaa. Nimetengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa mbovu.

Jumamosi, 25 Julai

Nimekwenda Mbagala kwa miguu, kwa bibi yake Kondo, aliyemlea. Nilikusudia kumwomba amkataze. Kijana asiponisikia mimi atamsikia yeye. Huo ndio mpango niliokwenda nao.

Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kibarazani anasuka ukili. Ni mzee kunizidi kwa miaka mingi, na macho yake ni mazima kunizidi pia.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu mwenye mvi. Karibu, mtu wa kusini. Umekuja kunichua magoti au umenusa ubwabwa?"

Nimemweleza yote. Mguu, kisigino, mechi, Keko, maneno ya kijana. Alisikiliza huku anasuka. Nilipomaliza alisema, "Nenda kanawe, kisha tule. Kisima kiko nyuma."

Kisima kimezungushiwa sakafu ya saruji. Babu yake Kondo aliimwaga mwenyewe, zamani, kwa saruji aliyoileta kutoka kazini. Niliinama kuchota maji. Kwenye ukingo wa sakafu kuna nyayo mbili za mtoto, zimekauka humo. Wa kulia kamili. Wa kushoto: kisigino hakikushuka, ukingo wa nje umezama, kidole gumba kimejitenga na wenzake.

Niliweka ndoo chini.

Nilikuwa na kamba mfukoni. Nilipiga magoti nikapima. Mguu ni mdogo, umbo ni lile lile. Nilipima mara tatu. Bi Mwanahawa alikuja kuona nimekawia nini, akanikuta nimepiga magoti kisimani kama niko kanisani.

"Hizo za mjukuu wangu huyo huyo," alisema. "Alikuwa na miaka kumi, kumi na mmoja. Saruji mbichi, babu yake amekwenda kupumzika, yeye kapita na nazi begani! Nilimchapa mpaka majirani wakaja kumwombea."

Nilimwuliza mguu wa kushoto ulikuwa na nini wakati huo. Aliniangalia kama anaangalia mtu aliyeuliza kwa nini samaki ana miiba.

"Una nini? Huo ni mguu wa mkwezi. Twende."

Alinipeleka kwenye mnazi wa jirani na kunionyesha vidato, mikato ya kukanyagia, vilivyokatwa kuanzia shinani hadi juu. Mkwezi akifika juu, husimama kwa mguu mmoja kidatoni, wayo umelala upande, kidole gumba kimeshika gamba, mkono unakata nazi. Kondo alisimamia wa kushoto. Babu yake hali kadhalika. "Huyo babu yake, marehemu mume wangu," alisema, "nilikuwa namjua kwa unyayo akirudi kwa njia ya nyuma ili nisimwone."

Kisha alicheka mpaka akashika mnazi.

"Kumbe wiki zote hizi ulikuwa unamnyoosha mguu uliofinyangwa na mnazi! Wewe mtu wa kusini, huko kwenu minazi hamna?"

Kwetu ni kusini ya bara, mbali na pwani, na minazi hakuna. Nimeishi mjini humu miaka thelathini, nimekula nazi kila siku, na sikuwahi kutazama mguu wa aliyeniangushia.

Nilikula ubwabwa wake. Sikusikia ladha.

Jumapili, 26 Julai

Sikusikia mahubiri.

Nilikosea. Askari niliwapima kwa kuulinganisha mguu mbovu na mzima, na mara nyingi ilifaa. Mguu wa Kondo niliulinganisha na wa kulia, na hauna undugu nao. Sikuuliza mguu huo ulikuwaje kabla ya kuvunjika. Swali la kwanza kabisa, nami sikuliuliza. Maumivu ya shavu la mguu niliyaleta mimi, kwa kumlazimisha akanyage alivyo mtu mwingine. Kisha maumivu hayo nikayafanya ushahidi.

Zimebaki siku kumi na tatu.

Jumatatu, 27 Julai

Ni vigumu kwa mtu wa umri wangu kubisha hodi kwa kijana. Nimebisha.

Kondo amepanga chumba nyuma ya msikiti. Alikuwa anafua shati. Alitoka haraka, mikono ina povu, akaniamkia, akanipa kiti pekee. Yeye akachuchumaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka. Nilisema tu, "Nilikwenda Mbagala. Nimeona sakafu ya kisima. Mguu wako ni mzima, mimi ndiye niliyekosea."

Alitazama povu mikononi.

"Bibi kakuonyesha na kiboko?"

"Hapana."

"Basi kakuficha. Anacho mpaka leo."

Tulicheka kidogo, kila mtu akitazama kwake. Nimemwambia aje kesho. Nimemwambia pia kuwa sijasema atacheza. Nimesema nitapima upya, kwa namna nyingine. Amesema, "Ndiyo, Mzee." Safari hii uso wake uliitikia.

Jumatano, 29 Julai

Siku mbili za kupima upya. Kusimama kwa mguu wa kushoto macho yamefumbwa: anamaliza hesabu ya sitini. Kuruka kwa mguu mmoja kutoka mlangoni hadi bandani: wa kushoto haupitwi na wa kulia. Kukimbia na kugeuka ghafla ninapopiga kofi: sawa. Kifundo ni imara. Ningeuona uimara huo wiki mbili zilizopita kama ningekitazama chenyewe.

Lakini kipo kitu. Agnesi ndiye aliyekiona. Kondo alikuwa anazungusha mpira kati ya mawe, vizuri kabisa. Agnesi akapita na ndoo kutoka upande wake wa kushoto. Kondo aliuacha mpira akaruka pembeni kama aliyeona nyoka.

"Umeona?" Agnesi aliniuliza.

Alirudi akapita tena kwa upande wa kulia. Kondo hakutikisika. Akapita tena kushoto. Kondo akaruka.

Kondo mwenyewe ameona haya. Amesema hajui kwa nini. Mimi najua. Beki wa Machi alitokea kushoto. Mfupa umeunga, ila mwili bado unamngoja beki yule. Hapo ndipo wachezaji huvunjika mara ya pili: mpira wanauacha nusu, mguu wanauacha nusu, na mguu ulioachwa nusu ndio unaovunjika.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu, na mchanga haukuwa na njia ya kuuonyesha. Zimebaki siku kumi.

Ijumaa, 31 Julai

Nimekuwa beki.

Hakuna mwingine. Vijana wa timu wangemwingia kwa nguvu mno au wangemhurumia. Mimi najua kipimo. Nimeifunga kanzu yangu ya nyumbani kiunoni, nikasimama kushoto kwake, nikamwendea kwa mwendo wa kutembea, bega kwa bega. Akaruka. Tena. Akaruka. Mara ya saba alibaki, akafumba macho, lakini alibaki.

Majirani wamejipanga ukutani. Mama mmoja alipiga kelele, "Mzee Dresa, utasajiliwa na timu ya mjini!" Mwingine akajibu kuwa timu ya mjini haina kanzu za kutosha. Agnesi alicheka mpaka akaingia ndani. Sikumkataza mtu. Sikuwa na pumzi.

Jumatatu, 3 Agosti

Sasa namwendea kwa kukimbia, ikiwa mwendo wangu waweza kuitwa hivyo. Haachi mpira. Leo ameniangusha. Nimelala chali mchangani, mbavu zinauma, yeye amesimama juu yangu amepauka, anasema "Samahani Mzee, samahani Mzee." Nilimwambia aache samahani na aniambie mpira uko wapi.

Ulikuwa chini ya mguu wake wa kushoto.

Nimechuliwa mbavu na mke wangu. Ana mkono mzito.

Ijumaa, 7 Agosti

Jana na juzi nilimwomba beki wa timu, mtu mzima mwenye akili, amwingie kama kwenye mechi. Mara ishirini. Kondo aliruka mara moja tu, ya kwanza. Leo hakuna kuchosha mguu. Kutembea tu na kulala.

Nimemruhusu. Nimemwambia Bwana Sefu kuwa bandeji sitaki, maana inamkumbusha beki wa Machi. Amebisha, nami nimebisha zaidi. Kuhusu mganga wao nimesema aweke chake popote, ila si kwenye mguu.

Ninaogopa. Golikipa nilimruhusu kwa kubembelezwa. Huyu nimemruhusu kwa kutazama. Tofauti hiyo naijua leo. Kesho mguu ukivunjika sitaijua tena.

Jumamosi, 8 Agosti

Nilisimama karibu na bendera ya kona, upande wa kushoto. Watu wengi. Bwana mkubwa wa gati alikaa kitini chini ya mwavuli.

Kipindi cha kwanza Kondo alipata mpira mara chache. Mechi yenyewe sikuiona. Nilikuwa namwona beki wa kulia wa timu ya mjini, jitu lenye njumu, na Kondo yuko pekupeku. Mapumziko nilikunywa maji ya mtu mwingine bila kujua.

Kipindi cha pili Kondo alipokea mpira mbele yangu kabisa, akageuka aelekee golini. Beki yule akaja kutoka kushoto. Niliona njumu zake. Kondo alibaki na mpira. Waligongana, wakaanguka wote wawili, vumbi likawafunika.

Sijui ilikuwa muda gani. Kidogo sana, nadhani.

Kondo aliinuka wa kwanza. Mpira alikuwa bado nao. Akaupiga katikati, mwenzake akafunga kwa kichwa. Watu waliruka. Mimi nilikuwa nimekaa chini, sikumbuki nilikaa lini. Mtu mmoja aliniuliza kama naumwa.

Tumefungwa mawili kwa moja. Bwana mkubwa aliandikisha majina matano. La Kondo lilikuwa la nne.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimefagia uani kabla ya chai. Upepo wa kusi umetulia.

Kondo amepita kuniaga akienda gatini kuandikwa. Alivaa suruali ndefu na lile shati alilokuwa anafua. Viatu, vya kuazima, alivishika mkononi ili visiingie vumbi. Amekunywa chai. Hatukuzungumza mengi. Agnesi amempa maandazi mawili kwenye karatasi.

Alikata uani kwenda mlangoni. Nilizitazama nyayo zake. Wa kulia kamili. Wa kushoto, kisigino hakikushuka.

Nilinyoosha mkono kwenye msumari ninapotundika kamba yangu ya mafundo. Haikuwepo. Agnesi ameitundika nyuma ya nyumba, ameanikia nguo. Sikuidai.

Nyayo nimeziacha. Adhuhuri kuku walikuwa wamekwisha kuzifuta.